Barua za Wasomaji: Naongoza warsha ya ushairi wa kifalsafa, watu wanasinzia, nifanyeje?

Toleo lililopita niligusia kidogo tu hizi warsha za ushairi ninazoongoza, zile za watu kukaa duara, tunaweka swali moja gumu la kifalsafa katikati afu kila mtu anaandika shairi lake. Ilikuwa aya mbili tu, lakini meseji zilizokuja ni nyingi mno, na nyingi zinatoka kwa watu ambao wenyewe wanaongoza vikundi au wanataka kuanzisha. Nimefurahi kwa kweli. Nimechagua chache, nimezifupisha, majina nimeyaacha kama wengi mlivyoomba.

*

*Shikamoo mwalimu. Nina miaka 26, nilisoma falsafa chuo na mashairi naandika tangu niko shule. Nimejitolea kuongoza warsha kwenye maktaba ya mtaani kwetu kila Jumamosi. Siku ya kwanza walikuja watu 17, nikawa nimeandaa slaidi nzuri kabisa, Plato, Aristotle, Kant, nikaeleza kama dakika 40 afu nikawaambia haya sasa andikeni shairi kuhusu uhalisia. Kimya. Mmoja alisinzia kabisa. Wiki ya pili wakaja sita. Nifunge tu?*

Marahaba mwanangu. Usifunge. Hao sita waliorudi baada ya dakika 40 za Kant ni watu wa kushikilia kwa mikono miwili.

Ngoja nikwambie palipoharibika, na sio kwamba hujui falsafa, shida ni kwamba unaijua sana na ukataka kuigawa yote siku moja. Wale watu uliwapa majibu ya watu waliokufa zamani kabla wenyewe hawajapata swali. Mtu asiye na kiu ukimpa maji atayaangalia tu. Na neno lenyewe, uhalisia, mtu anaanzia wapi kuliandikia shairi? Halina rangi, halina harufu, hulishiki.

Mimi naendaga na jembe. Jembe la kweli, kuukuu, naliweka mezani katikati ya duara na sisemi kitu kwanza. Wanaliangalia, wengine wanacheka, mtu analinyanyua anasikia uzito wake, anapitisha kidole pale mpini ulipolainika kwa kushikwa. Afu nawaambia hili jembe lilikuwa la babu wa mtu, mpini ulivunjika akabadilisha, baadaye bapa likalika likaisha akanunua bapa jipya, mpini ukavunjika tena, na leo mjukuu analima nalo anasema nalima na jembe la babu. Ni kweli? Hapo nanyamaza. Yaani sijawahi kuona kundi lililokaa kimya hapo zaidi ya nusu dakika, mmoja atasema sio jembe lile hata kidogo, mwingine atasema ni lilelile maana halijawahi kuacha kulima shamba lile, mwingine atauliza na mimi je, mwili wangu wa utotoni uko wapi, mbona jina ni lile. Unaona? Swali wamelitoa wenyewe, wewe umeleta jembe tu.

Waache wabishane dakika kumi, sio zaidi, na uwakate wakati bado wana hamu, hii ni muhimu sana kuliko yote ninayokwambia. Ukiwaacha mpaka ubishi uishe watakuwa wameshamaliza kila kitu kwa mdomo na karatasi itabaki nyeupe. Wakate katikati, waambie hicho ulichotaka kusema sasa hivi kiandike. Dakika 15 za kuandika, na sharti moja tu, yale maneno makubwa (maisha, ukweli, upendo, uhalisia, dunia) hayaruhusiwi kwenye rasimu ya kwanza. Chochote unachotaka kusema kipitishe kwenye kitu kinachoshikika.

Kuna kijana mmoja alikuja akiwa hajawahi kuandika shairi maishani, akahesabu mizani kwa vidole mpaka akatoka na hivi:

*Mpini nimebadili,*
*bapa nalo ni la pili,*
*babu hayupo kimwili,*
*jembe bado ni la kwake.*

Mizani nane nane, vina vitatu na cha nne kimejitenga, utenzi kamili, na hilo neno "kimwili" limefanya kazi ambayo ukiipeleka kwenye insha itakula kurasa tatu. Babu hayupo kimwili, kwa hiyo yupo kivipi? Hakusema, akatuachia sisi.

Sasa mwishoni kabisa, dakika tano za mwisho, ndo unawaletea mwanafalsafa wako. Waambie Plutarch, mwandishi wa Kigiriki, aliandika karibu miaka 1900 iliyopita kwamba watu wa Athens walihifadhi meli ya Theseus, shujaa wa hadithi zao, ubao ukioza wanautoa wanaweka mwingine, mpaka wanafalsafa wakagawanyika, hawa wanasema ni meli ileile, hawa wanasema sio. Afu Thomas Hobbes, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1655 akaongeza utata, je mtu akiziokota zile mbao zilizotolewa akaziunganisha tena akapata meli, ipi sasa ndo ya Theseus? Ukiisema hii mwanzo ni somo. Ukiisema mwisho, wakati mtu ana shairi lake mkononi na wino haujakauka, anagundua kwamba lililomsumbua yeye leo liliwasumbua watu karne nyingi zilizopita, na uso wake utauona wewe mwenyewe.

Slaidi ziache nyumbani. Watu nane mpaka kumi na wawili wanatosha, saa moja na nusu inatosha, kwa hiyo na hao sita wala sio wachache.

*

*Habari dada. Mimi ni mwalimu wa sekondari, ninaongoza klabu ya ushairi baada ya vipindi. Ninapenda sana hili la falsafa lakini vitabu karibu vyote ni vya lugha za kigeni na wanafunzi wangu wanaandika kwa Kiswahili. Maswali nitayatoa wapi?*

Mwalimu mwenzangu, kwenye lugha yenyewe. Hapa naomba nichukue nafasi kidogo maana hili jambo nalipenda kupita kiasi.

Andika ubaoni maneno matatu, *mtu, kitu, utu*. Usiseme chochote, waulize tu yanafanana nini. Wataona lile *-tu* limekaa mwishoni mwa yote, kinachobadilika ni kilichotangulia. Sasa waulize, mtu akipungukiwa na utu anabaki nani? Au anabaki nini? Na je kitu kinaweza kuwa na utu? Hapo una mada ya mwezi mzima bila kufungua kitabu chochote cha kigeni. Niliwahi kuwapa watu zoezi hili, andika shairi linaloanza na mtu na kuishia na kitu, au kinyume chake, na neno utu usilitaje popote. Mama mmoja akaandika juu ya kiti cha marehemu mumewe, mwanzo wa shairi ni kiti tu cha mbao chenye mguu uliolegea, mpaka beti ya mwisho tulikuwa tunaogopa kukikalia.

Nyingine hii hapa. Sisi tukisema mtu ana kitu, ukiitazama vizuri hiyo *kuwa na*, tunasema yuko pamoja na hicho kitu. *Nina watoto*, yaani mimi na watoto. Hatuna kitenzi kimoja kilichosimama peke yake cha kumiliki kwa maana hiyo ya kila siku, kumiliki kwetu kumepita ndani ya kuwa. Waambie wanafunzi waandike orodha ya walivyo navyo, afu kila mstari waugeuze, badala ya nina simu, niko na simu, simu iko na mimi. Nani yuko na nani? Watoto wa siku hizi kwenye mstari wa simu wanasimama wenyewe bila kuambiwa.

Na methali, jamani, methali! Ila usizitumie kama tulivyofundishwa, eti ieleze maana na matumizi yake. Zigonganishe. *Mtoto wa nyoka ni nyoka* iweke upande huu, *mtoto umleavyo ndivyo akuavyo* iweke upande ule. Zote mbili tunazisema, kwa kujiamini kabisa, tena mtu huyohuyo mmoja wiki hiyohiyo. Binadamu anazaliwa alivyo au anafanywa? Huo ni ubishi mkubwa wa falsafa, John Locke, mwanafalsafa Mwingereza, mwaka 1690 alisema akili ya mtoto ni kama karatasi nyeupe isiyo na maandishi, na wengine wakampinga vikali. *Haraka haraka haina baraka* na *ngoja ngoja huumiza matumbo*, hizo nazo. Mgawie kila mwanafunzi methali moja, umkalishe na mwenye methali inayoipinga, waandike shairi moja la kujibizana, ubeti wako ubeti wangu. Ni mtindo ambao lugha yetu inaujua siku nyingi na watoto wanaupenda maana una ushindani ndani yake.

*

*Binti yangu, nimesoma habari zako nikavutiwa lakini nina mawili. Kwanza Plato aliwafukuza washairi kwenye dola lake, sasa ninyi mnaozesha vipi falsafa na ushairi? Pili, kwenye warsha kama hizo nimeona vijana wanaandika mistari isiyo na vina wala mizani na kuiita shairi, na mwongozaji anapiga makofi. Hili linaniuma mimi niliyetunga miaka arobaini.*

Shikamoo mzee wangu. Nimekaa na barua yako siku kadhaa.

Plato kweli, kwenye kitabu cha kumi cha ile *Dola* yake, anapoeleza mji bora wa kufikirika, anawatoa washairi na anasema kuna ugomvi wa zamani kati ya falsafa na ushairi. Lakini palepale, mistari michache mbele, anauacha mlango wazi, anasema ushairi ukiweza kujitetea na kuonyesha faida yake utapokelewa tena kwa furaha, maana yeye mwenyewe unamteka. Mtu asiyependa ushairi hasemi hivyo. Na kuna jambo jingine aliloliandika huyohuyo Plato ambalo huwa linanigusa kila nikilisoma, kwamba mwalimu wake Socrates akiwa gerezani anasubiri kunyweshwa sumu, mtu ambaye maisha yake yote hakuandika kitu, siku zile za mwisho alikuwa anazigeuza hadithi za Aesop kuwa mashairi. Alisema alikuwa akiota ndoto ileile mara kwa mara ikimwambia atunge, yeye akadhani ndoto inasema aendelee na falsafa, mpaka pale gerezani akaona bora atunge kweli asije akawa alielewa vibaya. Mzee wangu, hebu fikiria hiyo.

Na kabla ya hao, Mgiriki mwingine, Parmenides, aliandika falsafa yake kwa mashairi, Empedocles vilevile. Lucretius wa Roma akaeleza atomu na utupu kwa mistari zaidi ya 7000, akasema ushairi ni asali anayoipaka kwenye ukingo wa kikombe ili mgonjwa anywe dawa chungu. Ibn Sina, tabibu na mwanafalsafa aliyefariki 1037, alitunga mashairi ya utabibu na shairi mashuhuri kuhusu roho. Kwa hiyo hii ndoa hatukuifunga sisi, tumeikuta na watoto wake.

La pili ni gumu zaidi na sitaki kukujibu harakaharaka. Huo ubishi unaujua kuliko mimi, mshairi Kezilahabi alipotoa diwani yake *Kichomi* mwaka 1974 na zile tungo zisizohesabu mizani watu walitoleana maneno na mpaka leo haujapoa. Mimi kwenye warsha sikatazi mtu kuandika bila vina. Lakini simpigii makofi mtu aliyekwepa vina kwa uvivu, na tofauti inaonekana, mstari huru wa kweli una pumzi yake, ukitoa neno moja unayumba.

Na nakubaliana na wewe kwenye jambo moja ambalo vijana wengi hawalijui, kwamba kina kinafikiri. Kuna siku tulikuwa na swali la wakati, lile la Augustine, askofu na mwanafalsafa wa Kikristo wa zamani, anasema asipoulizwa wakati ni nini anajua, akiulizwa akitaka kueleza hajui. Wakati uliopita haupo tena, ujao haujafika, uliopo ukijaribu kuushika umeshapita. Binti mmoja alikuwa anatafuta kina cha kumalizia na "wakati", akaandika akafuta, akaandika akafuta, afu ghafla akasema kwa sauti, jamani, *kati* imo humohumo! Wa-kati. Asili ya neno ni Kiarabu, halihusiani na kati yetu, najua, lakini sikio halijali asili. Shairi lake lote likageuka, likawa juu ya mtu aliyesimama kati ya milango miwili iliyofungwa. Angekuwa hatafuti kina asingefika pale. Kwa hiyo ombi langu kwako, mzee wangu, ni kwamba uende kwenye warsha ya hao vijana ukae nao, uwape zoezi moja la mizani 16, nane ukwapi (nusu ya kwanza ya mstari) nane utao (nusu ya pili), siku moja tu, wauone ugumu wake na utamu wake. Wanahitaji mtu kama wewe na pengine wanaogopa kukuita.

*

*Dada mwalimu, wiki iliyopita mada ilikuwa kifo. Mshiriki mmoja alipoanza kusoma alilia sana akashindwa kuendelea, wote tukapigwa na butwaa, mimi nikasema tu tupumzike dakika tano na baada ya hapo hakuna aliyetaka kusoma. Nilikosea?*

Hukukosea kupumzika. Nikwambie nilichokosea mimi, maana ni kibaya zaidi.

Miaka ya mwanzo niliwahi kufungua siku ya namna hiyo na maneno ya Epicurus, mwanafalsafa wa Ugiriki ya kale, yale kwamba kifo si kitu kwetu, tukiwepo sisi chenyewe hakipo na kikiwepo chenyewe sisi hatupo. Nilijiona nimewaletea faraja. Kulikuwa na mzee mmoja hakuandika muda mrefu, afu akaandika kidogo akaikunja karatasi, akaikunja tena, ikawa ndogo kama kiberiti. Zamu yake ilipofika akasema naomba nipite. Mimi nikambembeleza, soma tu mzee wangu, hata mstari mmoja. Akaikunjua taratibu, kunjo moja baada ya nyingine, sote tunaangalia vidole vyake. Kulikuwa na jina la mtoto na tarehe. Alisoma jina, akasoma tarehe, akakaa. Hakurudi tena.

Nimelirudia tukio hilo kichwani mara nyingi sana. La kwanza nililojifunza ni kwamba haki ya kupita ni haki kamili, mtu akisema napita zamu inakwenda kwa wa pili na wala usimwangalie kwa huruma. Hilo siku hizi nalisema mwanzo wa kila kikao. La pili lilinichukua muda kuliona na ni la kifalsafa kabisa, kwamba Epicurus alikuwa anazungumzia kifo changu mimi. Watu wanaokaa kwenye duara lako hawajabeba vifo vyao, wamebeba vya wenzao, na hapo hoja yake inapwaya, maana aliyefiwa yupo na kifo kipo, wote wawili chumba kimoja. Siku hizi nikileta maneno hayo nawapa watu nafasi ya kuyapinga, na mashairi yanayotoka ni ya kumjibu Epicurus, na ni mazuri, yana hasira ndani yake na yana mapenzi.

Mtu akilia, usikimbilie maneno. Nyamaza nao kidogo. Mwambie asante kwa kutusomea, muulize yeye mwenyewe anataka kuendelea, anataka mtu amsomee, au anataka kuacha, afu fanya hilo alilosema. Siku hiyo usichambue shairi lake, sijui mstari wa tatu umezidi mizani, hapana, lina siku yake. Kikao kikiisha kaa naye pembeni. Na ukiona kuna hatari, mtu anaongea kama anayetaka kujitoa uhai, hilo sio la ushairi tena na sio la kukaa nalo peke yako kama siri, mfikishe kwa mtaalamu na umsindikize ikibidi, kwa hiyo kabla hujapanga mada ya kifo ujue tayari utampeleka kwa nani. Sisi ni waongoza warsha, sio matabibu.

Kikao kijacho anza na kitu chepesi. Mada ya kivuli huwa inafaa.

*

*Mimi ni mzazi. Binti yangu wa miaka 16 anahudhuria warsha ya aina hii. Sina ubaya nayo ila naogopa haya maswali yatamtoa kwenye imani.*

Mama/baba mpendwa, hofu yako naielewa. Nenda siku moja ukakae nyuma usikilize. Warsha inayoongozwa vizuri haitoi hukumu, mwenye imani na asiye nayo wote wanaandika na hakuna anayeshinda. Ukimkuta mwongozaji anawacheka watoto kwa wanachoamini, mtoe mwanao siku hiyohiyo, na mwambie sababu. Huyo Augustine niliyemtaja hapo juu, lile swali lake la wakati aliliuliza katikati ya sala.

*

*Kundi letu lina mjuaji. Kila shairi likisomwa anaanza, Nietzsche alisema, Sartre alisema, na wenzake wanakunja uso. Nimfukuze?*

Usimfukuze bwana, anakuja kila wiki na anasoma vitabu, wangapi unao wa hivyo? Mpe kazi. Kwangu mtu wa namna hiyo namfanya mtunza maswali, ana daftari lake, kila swali linalozuka kwenye ubishi analiandika kama lilivyosemwa na mwishoni anatusomea yote, ila haruhusiwi kujibu hata moja. Nimejaribu kwa watu watatu tofauti na wawili wakaja kuwa wasikilizaji wazuri kuliko wote, wa tatu alichoka akaacha kuja.

Afu badilisha namna mnavyopokea mashairi, pengine yeye anajaza pengo uliloliacha. Sisi shairi linasomwa mara mbili, mara ya pili na mtu mwingine asiye mtunzi, maana mtunzi akisikia shairi lake kwenye mdomo wa mwingine anasikia palipokwama bila kuambiwa. Baada ya hapo kila mtu anarudisha mstari mmoja uliomng'ang'ania, anautamka tu, haelezi kwa nini. Mistari ambayo hakuna aliyeirudisha mtunzi anaiona. Baadaye ndo maswali, na maswali ya kweli, sio ya kujificha (mtu akisema "hivi huoni kwamba ubeti wa pili ni mbovu?" hilo sio swali). Mtunzi anaongea mwisho akitaka. Kwa utaratibu huo Nietzsche anakosa pa kuingilia mpaka muda unaisha.

*

*Kuna mama wa makamo anataka kujiunga na kundi letu lakini hajui kusoma wala kuandika vizuri na anaona aibu. Namsaidiaje bila kumdhalilisha?*

Mwambie Socrates hakuacha hata ukurasa mmoja alioandika mwenyewe, yote tunayoyajua kumhusu yameandikwa na wengine. Na ushairi ulikuwa mdomoni muda mrefu sana kabla haujafika kwenye karatasi. Usimtangaze mbele ya watu. Weka utaratibu wa wote, kwamba siku fulani kila mtu anatunga kwa mdomo na mwenzake anaandika, wawili wawili, afu mnabadilishana kwa wanaotaka. Hapo hakuna atakayejua nani hajui.

Sisi tulikuwa naye mmoja wa hivyo, mada ilikuwa ni jina, kama jina lako lingekuwa jingine ungekuwa wewe? Alikaa na kijana wa kumwandikia, akatamka beti mbili polepole macho ameyafumba. Akamwambia nisomee. Akasomewa. Nisomee tena. Mara ya tatu akamsimamisha, akasema hapo umeandika "waliniita", mimi nilisema "wananiita", futa, bado wananiita.